Talaka ya Ncha ya Kaskazini

Wanangu wakitaka kunicheka huniuliza nimefika wapi katika dunia hii, nami huwahesabia: Unguja, Maskati, na sasa Mabela, ambako wamenijengea chumba chenye baridi ya mashine na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Nimeridhika nacho. Qantab, kijiji cha wavuvi karibu na Maskati, nimekwenda mara moja, kwa mashua, na nilitapika kwenda na kurudi, basi hata siwezi kusema nimeiona. Mimi ni mtu wa ndani. Wako wanawake wa zama zangu waliofungiwa ndani wakalia. Mimi ningefunguliwa ndiyo ningelia. Nipe mto wa kuegemea na mtu wa kumcheza shere, sina haja ya safari.

Kwa hiyo ni kichekesho kwamba jambo kubwa kuliko yote lililoifika ndoa yangu lilitoka mahali pa mbali kuliko pote duniani. Nusura niachike kwa sababu ya ncha ya kaskazini.

Kabla ya mwaka wa sabini Maskati ilikuwa mji mdogo wenye milango, na milango yenyewe ikifungwa jioni. Tulikuwa tumekuja baada ya mambo ya Unguja, mimi, mume wangu na mama yake, na kasha moja la nguo. Tulipanga nyumba ndani ya ukuta wa mji, chini ghala ya mwenye nyumba, juu sisi. Majabali yalituzunguka kama kuta za tanuri. Mchana yanakunywa jua, magharibi yanakutemea. Maji yaliletwa na punda, taa zetu za mafuta, na feni yetu ilikuwa ya ukili, inakwenda kwa kadiri ya mkono wako.

Mume wangu alikuwa karani kwa tajiri mmoja wa Matrah, mji wa bandari wa jirani, akimwandikia barua za Kiingereza za kuagizia mchele na vitambaa. Kiingereza kilikuwa hakimpigi chenga. Kiarabu ndicho kilichomtesa. Alikuwa na Kiarabu cha chuoni, cha kusomea msahafu, kilichonyooka mno, na kila akifungua mdomo wapagazi walisimama na magunia mabegani kumsikiliza, kama watu wanaomsikiliza kasuku. Dukani walimwita Mzinjibari. Kule Unguja tulipokuwa tukiitwa Wamanga tuliona tumetukanwa. Tumefika kwa Wamanga wenyewe, tumegeuka Wazinjibari. Mume wangu jambo hilo lilimuuma. Mimi sikuona tabu, kwa sababu ndani ya nyumba hakuna aliyeniita chochote ila jina langu.

Basi akaamua kujifunza Kiarabu cha sokoni, na cha sokoni kinaanza na viapo. Matrah siku zile watu waliapa kwa talaka kama wanaopiga chafya. Muuza samaki anakwambia huyu jodari katoka baharini sasa hivi, na kama si kweli mke wake kaachika. Mnunuzi anamwapia kuwa jana kauziwa mkubwa kuliko huyo kwa bei pungufu, na kama si kweli wake naye kaachika. Kisha samaki ananunuliwa, kila mtu anakwenda kula kwa mkewe. Mume wangu akaniletea viapo hivyo nyumbani kama watu wengine wanavyoleta mboga. Mlango umefungwa, alayya ttalaq. Chai haina sukari, alayya ttalaq. Maana yake talaka iwe juu yangu kama nasema uongo. Nilimwambia mama mkwe kwamba viapo vile vingekuwa na nguvu yote, Matrah nzima ingekuwa ya waseja. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa mtu wa halali na haramu, kalelewa katika nyumba ya masheikh, na alisema neno lile ni kisu, hata ukilichezea linakata. Mume wangu akamwambia mama, hii desturi tu ya watu wa hapa.

Sasa nieleze habari za Mzungu wa ncha hiyo.

Mume wangu alipokuwa skuli aliandika insha juu ya mtu wa kwanza kufika ncha ya kaskazini, ikasomwa mbele ya darasa zote. Toka siku hiyo yule mtu akawa wake. Alikuwa na picha yake aliyoikata katika jarida, mzee mwenye masharubu makubwa kajifunika manyoya mpaka unamdhania mnyama aliyefuga uso. Tulipoondoka Unguja tukiambiwa tusichukue vitu vingi, mimi nilichukua mapambo yangu, mama mkwe akachukua msahafu na kinu kidogo cha hiliki, na mume wangu akachukua picha ile. Hapa Maskati aliibandika nyuma ya mlango wa kabati. Kila ukifungua kutafuta kanga unamkuta masharubu anakutazama. Nilikuwa nikimpa salamu.

Nami nilikuwa na la kwangu. Nimesoma mpaka sekondari ya wasichana, jambo ambalo sikuwaacha watu walisahau. Mwalimu wetu wa jiografia alitwambia kwamba bwana yule wako wanaomtilia shaka mpaka leo, kama kweli alifika pale aliposema kafika. Sikupata kumwambia mume wangu. Nilijua nina mkuki ndani, na mtu mwenye mkuki ndani hana haraka ya kuutoa.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto la kuua. Tajiri wa Matrah alipata vipande vya barafu, akampa mume wangu kimoja, akaja nacho kimefungwa gunia, nusu kimeshamwagika njiani na kumrowesha kanzu. Mama mkwe akakivunja kwa mchi, tukakaa tunakula wali na samaki na maji ya ndimu yanayogonga meno. Tulikuwa na furaha kama watoto. Na barafu ikamkumbusha mume wangu mtu wake. Akaanza: mbwa, na magari ya kuburutwa, na baridi inayovunja chuma, na bahari iliyoganda unapita juu yake kwa miguu. Mama mkwe alikuwa hajapata kuisikia yote, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza huko kwenyewe alikokwenda kuna nini.

Hakuna kitu, mama, mume wangu akajibu. Barafu tu.

Sasa kama ni barafu tu, mama akauliza, na njiani kote ni barafu, alijuaje kwamba hii ndiyo barafu aliyoifuata?

Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Ningenyamaza hapo ingekuwa salama. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa na mkuki ukatoka wenyewe. Nikasema kwamba mama kauliza swali waliloliuliza Wazungu wenyewe, na kwamba masharubu wa kabatini hakufika.

Mume wangu akaweka tonge chini. Akaniuliza nani kasema. Nikamwambia mwalimu wangu. Akasema mwalimu wako alikuwa na wivu. Nikamwambia wivu wa nini, yeye alitaka kwenda? Nikamwongezea kwamba mtu akisema kafika mahali ambapo hakuna mtu, wala nyumba, wala jiwe, hata mimi naweza kusema nimefika, tena bila ya kuchafua viatu. Nilikuwa nimenoga. Nikamwambia, "Hakufika huyo. Kakaa njiani, karudi, kasema nimefika, na wewe ukamwandikia insha."

"Alifika."

"Hakufika, bwana."

"Alayya ttalaq alifika!"

Barafu ilikuwa ikiyayuka katika bakuli, inapasuka kidogo kidogo. Mama mkwe alikuwa kashika mfupa wa samaki, akauweka pembeni mwa sinia taratibu. Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi.

"Mwanangu," akamwambia, "ondoka hapo ulipokaa. Hujui kama huyu bado mkeo."

Mume wangu akajaribu kucheka. Akasema ni neno la sokoni, mama. Mama akamjibu kwamba sokoni wanaapa juu ya samaki, na samaki unaweza kumnusa ukajua. Yeye kaapa juu ya jambo ambalo hata wenyewe wanalibishania, akamfunga mke wake kwenye mguu wa mtu aliyepotelea kwenye theluji. Sasa atuambie: alifika au hakufika? Kama alifika, chakula kinaendelea. Kama hakufika, huyu binti ni wa watu.

Mchana ule ule mama mkwe akatoa shuka kubwa jeupe, akalitundika katikati ya ukumbi kwa misumari. Upande wa dirisha mimi na yeye, upande wa ngazi mume wangu. Nikaambiwa nivae baibui nikivuka. Nilikuwa nimekaa na mwanamume yule mwaka wa tatu, najua anavyokoroma, na sasa napita mbele yake nimejifunika kama naenda mazikoni. Yeye akitoka kazini anapiga hodi kwake mwenyewe na kungoja kuitikiwa. Sahani yake nilimpitishia chini ya shuka. Siku ya kwanza tulicheka, yeye kule na mimi huku. Nilimuuliza kama huko aliko kuna mbwa. Akanijibu kwamba kuna baridi, na kwamba kaona kivuli cha mwanamke mnene akipita, sijui nani.

Siku ya pili hatukucheka sana.

Mama alimwambia aende kwa sheikh, naye alikuwa akikwepa. Sheikh mwenyewe alikuwa ami yake mume wangu, binamu wa baba yake, mzee aliyetutangulia kutoka Unguja miaka mingi, na mume wangu aliona haya kwenda kumwambia kwamba kaacha mke kwa ajili ya barafu. Badala yake akaenda kutafuta ushahidi. Alidhani akimpata mtu mmoja mwenye ilimu wa kumthibitishia kwamba bwana yule alifika, shuka litashuka na sheikh hana haja ya kujua. Meli ya Wazungu ilikuwa bandarini siku zile, na kwa kazi za tajiri alipata kuipanda. Akamkuta msaidizi wa nahodha, mtu aliyezoea kupima jua na kujua alipo, akamuuliza.

Jioni akarudi, akapiga hodi, akakaa kwenye mkeka wake. Mama alikuwa anasali ndani. Nikamwona kwa kivuli kwamba hakuvua kofia.

"Nimeuliza," akanambia.

"Wamesemaje?"

"Wanabishana hata wao."

Nilikuwa nimeshinda. Nilingoja raha ya kushinda inijie, maana kwa kawaida hunijia upesi, lakini haikuja. Nikauliza yule mtu wa meli alisema nini hasa. Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba: kwamba yule msafiri alipokaribia mwisho wa safari alimrudisha nyuma mwenzake pekee aliyekuwa na uwezo wa kupima jua, akabaki na watu hodari na waaminifu lakini ambao hawakujua kipimo. Na kwamba baada ya hapo, kwa maandishi yake mwenyewe, kasi yake iliongezeka ghafla kupita alivyokuwa akienda siku zote. Yote hayo mwalimu wangu alishatwambia. Nikamwitikia kama nayasikia kwanza.

Kisha akasema jambo nisilolitarajia. Akasema mwaka ule tulipoondoka Unguja, ndani ya chombo, watu wote wakitapika na kulia, alikuwa akimfikiria yule bwana. Sisi tulikuwa tunakwenda tusikokujua, kwa watu wasiotujua, na ilimsaidia kujua kwamba kuna mtu alitoka kwao akasema nakwenda mahali fulani, akaenda, akafika. Basi tu. Mtu mmoja aliyefika alikokusudia.

Mimi kwenye chombo kile nilidhani anafikiria nyumba yetu. Nikamuuliza kama anataka chai.

Ijumaa mama mkwe akatangaza kwamba ngoja ngoja imekwisha, na kwamba yeye hawezi kuzeeka akipanda na kushuka kwenye shuka. Baada ya sala tukatoka sote watatu. Na hapo ndipo mjue ukubwa wa jambo, kwamba mimi nilitoka. Tulipita vichochoroni, mume wangu mbele, mama katikati kama ukuta wa mji, mimi nyuma nikilalamika chinichini juu ya mawe na mavi ya punda. Lakini yalikuwa malalamiko ya mdomoni tu. Ndani nilikuwa na hofu ambayo sijapata kuwa nayo hata siku tunakimbia kwetu. Siku ile tulikimbia pamoja.

Sheikh alikuwa na mguu mbovu, akikaa juu ya kitanda cha kamba katika ukumbi wake wa chini, na kibao cha kupimia kivuli kikiwa uani kwake, maana nyakati za sala za mtaa ule alizipima yeye. Akatukaribisha kahawa. Mume wangu akaanza kueleza, kwa aibu, akipita pembeni pembeni, mpaka mama akamkata na kusema yote kwa pumzi moja: kaapa kwa talaka kwamba Mzungu alifika ncha ya kaskazini na Wazungu wenyewe hawana hakika.

Nilidhani sheikh atakasirika. Akavuta mto, akasogea mbele.

Akataka kujua ncha hiyo ni mahali gani. Mume wangu akachukua chungwa kwenye sinia ya kahawa, akamwonesha, hapa juu kabisa. Sheikh akauliza jua huko linakwendaje. Mume wangu akamwambia linazunguka, halizami miezi na miezi, kisha linazama miezi na miezi. Ikawa basi. Sheikh akasahau kwamba kuna watu wameachana mbele yake. Magharibi huko inaingia lini, kama jua halizami? Mwezi wa Ramadhani mtu afuturu kwa kipi? Na kibla, akasema, huku akiligeuzageuza chungwa, mtu akisimama hapa juu, kila anakoelekea ni kusini. Maka nayo iko kusini. Sasa kusini ipi? Akamwita mjukuu wake amletee uzi, akauzungushia chungwa, akaushusha kutoka juu mpaka pale alipoamua kuwa ni Maka, na uso ulimng'ara kama wa mtu aliyepewa zawadi. Mume wangu naye kasahau, kainama juu ya chungwa, wanabishana uzi upite wapi.

"Sheikh," mama mkwe akasema. "Watoto."

Sheikh akamrudishia mume wangu chungwa. Akamuuliza mume wangu, alipoapa, alikuwa akiamini kwa moyo wake kwamba anasema kweli? Mume wangu akasema ndiyo. Na sasa? Mume wangu akatazama kahawa yake. Akasema sasa hajui.

Kisha akanigeukia mimi. Sikuwa nimezoea kugeukiwa na masheikh.

"Na wewe, binti yangu. Nnasikia wewe ndiye uliyesema hakufika. Lete ushahidi wako."

Nikauleta. Nilisema la mwenzake aliyerudishwa nyuma, la kasi iliyozidi, na kwamba aliporudi hakuwa na haraka ya kuwaonesha watu vipimo vyake. Nilisema vizuri, nakiri. Mwalimu wangu angefurahi. Na huku nasema nilikuwa nikiona ninavyokata tawi nililolikalia. Kila neno zuri lilinisogeza kutoka kwa mtu yule aliyekaa mkono wa kulia wa mama yake na chungwa la watu mapajani. Ningeweza kusema nilitania, sheikh, alifika, kila mtu anajua alifika. Lakini ingekuwa uongo, tena uongo juu ya halali, na mama mkwe angeusikia kwa sauti tu.

Sheikh akatikisa kichwa. Akasema ushahidi wangu una uzito kuliko wa mume wangu.

"Sasa nijibu moja. Una yakini kwamba hakufika? Si shaka. Yakini. Kama unavyojua kwamba hii ni kahawa."

Wote wakaniangalia. Nimewahi kusema katika maisha yangu mambo mengi ambayo sikuyajua, na nimeyasema kwa sauti ya mtu anayeyajua. Ndivyo nilivyokuwa nikishinda. Nilipomwambia mume wangu hakufika, nilimwambia kama nilikuwepo, nimekaa juu ya barafu na kanga yangu, namwona anageuza njia.

"Sijui," nikasema.

"Sema tena, binti yangu, sikio hili bovu."

"Sijui, sheikh. Pengine alifika. Sijui."

Mama mkwe akageuza uso wote kunitazama. Alikuwa kakaa nami mwaka wa tatu hajapata kulisikia neno lile likitoka kinywani mwangu.

Sheikh akaegemea mto wake. "Ndoa yenu nnaijua," akasema. "Ilikuwa na walii, ilikuwa na mashahidi, na nimeambiwa biriani yake ilikuwa na chumvi nyingi. Hilo la barafu silijui. Huyu halijui, na wewe hulijui. Mnataka nivunje ninalolijua kwa nisilolijua? Mchukue mkeo, nendeni kwenu."

Mama mkwe akauliza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha uzi ukining'inia, je, ikija habari ya hakika baadaye, kwamba hakufika? Sheikh akasema hata hapo kuna la kusema, kwa kuwa mtu aliapa juu ya alichokiamini. Ikija, tuje kwake, na kama keshakufa tumwendee atakayekuwa kakaa hapo. Lakini yeye kwa maoni yake, alivyoona kwenye chungwa, habari hiyo itachelewa sana. Kisha akamwambia mume wangu kwamba siku nyingine akitaka kuapa, mkewe amwache nyumbani, atafute kitu chake mwenyewe cha kukiweka rehani. Mume wangu akasema ndiyo, ami. Na toka siku ile sikupata kumsikia tena na kiapo kile. Kiarabu chake kikarudi kuwa cha chuoni, na wapagazi wakaendelea kustarehe.

Tulipotoka nje mama mkwe akajitia kukumbuka kwamba kaacha chungu motoni. Hakukuwa na chungu chochote motoni, mimi ndiye niliyeuzima moto kwa mikono yangu. Akakaza mwendo, baibui linapepea, akakata kona, akatuacha sisi wawili kwenye kichochoro.

Tukatembea. Siku zile mwanamume alikwenda mbele na mwanamke nyuma, lakini yeye alikuwa akipunguza hatua, nami kwa bahati mbaya nikiongeza, mpaka tukawa sambamba bila ya mtu kuamua. Nilidhani anafikiria ule mkeka wake upande wa ngazi.

"Pengine na yeye mwenyewe hakujua," akasema.

Nikamuuliza nani.

"Yule bwana. Barafu kushoto, barafu kulia, kachoka, hana wa kumuuliza. Kapima kadiri alivyoweza. Pengine alisimama akasema, hapa ndipo. Na mpaka anakufa hakujua kama ndipo."

Hilo mwalimu wangu hakulisema. Tulikuwa tumemfanya ama shujaa ama mwongo, na hakuna aliyempa nafasi ya kuwa mtu aliyechoka. Nikalifikiria mpaka kwenye pembe ya mtaa. Kisha nikamuuliza kama yule bwana alikuwa na mke.

"Alikuwa naye."

"Aliporudi akamwambia kafika?"

"Atakosaje."

"Akamsadiki?"

Mume wangu akafikiri. "Nnadhani alimsadiki."

"Masikini," nikasema.

"Masikini yupi? Mume au mke?"

Nikamwambia wote wawili. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa kifua, mpaka akasimama na kushika ukuta wa watu. Nami nikacheka kwa kuwa yeye anacheka, nimeziba mdomo kwa ukaya wa baibui, na mwanamume mmoja aliyekuwa akipita na punda wa maji akaona bora atusubiri tumalize.

"Twende," nikamwambia. "Jua linaniua, na mama keshafika nyumbani."

"Una hakika?"

"Siapi," nikamwambia.